Minazi ya Mume Wangu Kwenye Bonde la Mama

Mpendwa Shangazi Kadzo,

Shikamoo. Kabla sijaomba msaada naomba radhi, kwa sababu barua hii ilitakiwa ikufikie tangu vuli, na kila nilipokaa kuiandika mtoto aliamka, au sufuria ilifurika, au nilijiambia ngoja kwanza, pengine jambo litakwisha lenyewe, na sasa masika yanakaribia na jambo halikwisha, bali limeota majani. Unisamehe na mwandiko pia, kichanga ninaye pajani na ananivuta kalamu. Jina langu usilitaje gazetini. Mume wangu anausoma ukurasa wako, tena anausoma kwa sauti.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nimesoma hadi darasa la nane, naishi upande wa Msambweni. Kwetu sisi Wadigo wa hapa, shamba la juu, la minazi na mikorosho, ni la wanaume, lakini bonde la mpunga ni la wanawake, mama humwachia binti. Bonde letu halina ua wala hati, lina matuta tu ya udongo, na kila mwanamke anajua kipande chake kinaanzia tuta gani na kuishia tuta gani kama anavyozijua nguo zake kwenye kamba. Kipande changu nilikipata kwa mama, marehemu, naye alikipata kwa bibi. Sharti lake ni moja, halikuandikwa popote lakini hakuna asiyelijua: bondeni hapapandwi mti. Mpunga, ndiyo. Mchicha na bamia kwenye matuta, ndiyo. Mti hapana, kwa sababu kwetu mti una mwenyewe hata ukisimama kwenye ardhi ya mtu mwingine, na mwenye mti akishaangua matunda yake miaka miwili mitatu, ardhi nayo inamfuata.

Sasa nikueleze mume wangu, na nataka nimweleze vizuri kwa sababu si mtu mbaya, na ukimwona mbaya utanijibu vibaya. Alikuwa mtunza bustani kwenye hoteli moja ya Diani tangu kabla hajanioa, maua yote ya pale mbele yalipita mkononi mwake, na jioni alikuwa akirudi ananukia majani mabichi yaliyokatwa. Tangu zile fujo za mwaka wa tisini na saba wageni wakapotea, akaambiwa kapumzike kidogo tutakuita, na mpaka leo hajaitwa. Mwanzoni alikuwa akiamka anavaa sare yake ya kazi na kukaa nayo kibarazani. Nikawa naona uchungu kumwona ameivaa. Kisha akaacha kuivaa, nikaona afadhali angeivaa.

Ikaja ile mvua kubwa ya El Nino, ikachukua mpunga wote na kutuachia mchanga juu ya matuta, tukasema basi, mwaka ujao, na mwaka ulipokuja mvua ikawa ya kubahatisha, na vuli ndiyo ikakataa kabisa. Mahindi ya shamba la juu yalikaukia magotini. Watu wanatoka mpaka huko Taru wanakuja na mbuzi waliokonda wakitafuta wa kubadilishana nao kwa muhogo. Bonde peke yake ndilo lililobaki na unyevu. Sisi wanawake tuliufukua ule mchanga kwa mweria, yaani kazi ya kupokezana, leo kwangu kesho kwako, na uji mmoja kwenye sufuria moja, na kidogo tulichovuna ndicho kilichowasha meko ya nyumba nyingi zilizokuwa zikingoja mahindi ya serikali. Hata mbegu tukaila, Shangazi. Mbegu ya mpunga wa madevu, ile ile ya bibi zetu, tuliitwanga tukaipika, kwa sababu watoto hawaelewi maneno ya mbegu.

Basi mwanzo wa vuli, siku moja natoka kuchota maji namkuta mume wangu bondeni, suruali ameikunja, anapiga jembe, anapiga na mluzi. Mluzi, Shangazi! Sikuwa nimeusikia tangu siku za hotelini. Rafiki yake alimpa nazi zilizochipua, naye alikuwa amezipanga ukingoni mwa kipande changu, mashimo ameyanyoosha kwa kamba kama anayepanga maua ya wazungu. Akaniona, akacheka.

"Njoo uone," akasema. "Huu wa binti yako. Huu wa kaka yake. Huu wa huyo uliye naye tumboni."

"Na ule wa mwisho?"

"Wa mama yako. Asije akasema mkwe wake amemsahau."

Nami nikacheka. Ndoo kichwani, tumbo mbele, nikacheka, na hapo ndipo maneno yaliponipotea. Niliyajua. Yalikuwa hapa kooni: baba watoto, hapa hapapandwi mti. Yeye kwao ni huko juu Kinango kwenye ng'ombe, mabonde ya mpunga hakukulia, pengine alisikia habari hizo na pengine hakusikia. Lakini mtu aliyekaa kimya mwaka mzima, siku anayopiga mluzi utamwambiaje aache? Nikasema nitamwambia kesho. Kesho nikajifungua, basi nikasema nikitoka arobaini.

Wanawake wenzangu waliona siku ile ile. Mama mdogo, ndugu yake marehemu mama, alikuja nyumbani, hakukaa, alisimama mlangoni na kanga yake imekazwa kiunoni.

"Mwanangu, umemruhusu?"

"Sikumruhusu, mama. Nilinyamaza."

"Na huko kunyamaza kwako atakusoma vipi, kwa miwani?"

Nikamwambia ni miche minne tu, iko pembeni. Akasema, "Leo ni miche. Kesho ni minazi, ndege mnana watajenga vichwani mwake, na alfajiri watashuka kula mpunga wetu bila hata kuchoka njiani. Na wako akipanda, wangu ataniuliza yeye ana kasoro gani. Tutaishia kuomba ruhusa ya kulima kivulini."

Yupo mwenzetu mmoja Mkamba, Kavenya, wa kutoka huko kwa masetla, wale waliogawiwa mashamba Shimba Hills, mama mdogo alimpa kipande alime naye. Jina lake nalitaja kwa sababu mwenyewe ameniambia nilitaje, hana anayemwogopa. Yeye alisema, "Wewe, kwani mti ni kitu gani? Leta panga. Ama unaogopa bwana? Nitakata mimi, halafu naenda kwetu. Atanifuata mpaka Makueni juu ya nazi?" Wote wakacheka. Mimi sikuweza.

Ningeendelea kuahirisha, lakini mwezi huu bwana shamba amekuja na watu wa shirika moja, wanataka kuchimba mfereji wa kugawa maji na kuleta mbegu na majembe, na wamesema wenyewe kwamba ni kwa ajili ya wakulima wanawake, kwamba mwanamke akipewa nguvu shambani njaa itapungua, tukapiga vigelegele. Kisha bwana shamba akapita tuta kwa tuta. Kila mmoja alimwuliza, hapa pa nani, na kila mmoja akajibu, pangu. Alipofika kwangu hakuuliza. Aliitazama minazi, akamgeukia shemeji yangu aliyekuwa akipita na baiskeli, akamwambia, "Mwenye minazi hii aje kwenye mkutano."

Nikasema, "Bwana, kipande ni changu."

Akanijibu kwa upole kabisa, sikupata hata pa kukasirikia: "Naam mama, naona unalima hapa. Lakini mwenyewe si mwenye miti?"

Na hakuna aliyebisha. Hata mimi sikubisha, kwa sababu kwa desturi yetu alikuwa amesema kweli. Na kipande changu, Shangazi, ndicho kilicho chini ya chemchemi, ndicho kinachopokea maji kwanza, mfereji hauna njia nyingine. Kikihesabiwa cha mume wangu, basi wanawake wote wa bondeni watakuwa wanapitisha maji kwa idhini ya mwanamume, na akifa yeye, kwa idhini ya ndugu zake.

Bwana shamba atarudi kupima kabla ya masika. Wenzangu wamesema mweria ujao utaanzia kwangu, na hawatakuja kulima, watakuja kung'oa. Shemeji amezisikia habari hizo, na amesema mbele za watu kwamba mwanamke atakayegusa mnazi wa mwanamume amemgusa mwenyewe, na aende akaolewe huko bondeni. Mume wangu yuko na miche yake tu. Kila jioni anashuka na kopo la maji, akirudi ananipa habari: wa binti umetoa jani la tatu, wa kichanga unasuasua kama mwenyewe.

Nikiiacha, nimelipoteza bonde la mama, na binti yangu atakuja kulima kwa hisani ya kaka yake, na wenzangu nimewafungia maji. Nikiing'oa, nitakuwa nimemng'oa mtu ambaye ndiyo kwanza anashika udongo. Nikikaa nasimama, nikisimama nakumbuka nilitaka kukaa, chumvi natia mara mbili kwenye chungu kimoja. Nifanyeje? Unijibu upesi, japo mimi mwenyewe sikuwa na upesi.

Mama wa watatu,
Msambweni

*

Mama wa watatu,

Marahaba. Radhi nimekupa, ila si yote, kipande kimoja nimekizuia na nitakwambia kwa nini.

Umenitaka nifiche jina lako. Kisha ukaniandikia habari za minazi minne, mitatu ya watoto na mmoja wa mama mkwe, iliyopandwa bondeni na mtunza bustani wa hoteli. Msambweni nzima kuna mingapi ya namna hiyo? Tena ukaniambia mumeo anausoma ukurasa huu kwa sauti. Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Hukusahau kuficha. Ulitaka nikusemee. Haya, nusu nimekusemea, maana gazeti likifika kwenu atakuwa amekwisha kujua. Nusu iliyobaki ni yako, na hiyo siibebi.

Sasa wewe baba, kwa kuwa uko hapo unasoma. Usinune. Mkeo hakukusengenya, amekueleza kwa mapenzi mengi kuliko wake wengi ninaowasoma. Hukuiba kitu. Ulikuwa mtunza bustani asiye na bustani, ukapaona mahali penye maji. Lakini pale ulipochagua ndipo mahali pekee katika ardhi yote ya Mungu pasipofaa mti wako, kwa sababu chakula cha nyumba kumi na zaidi kinapita hapo. Mpunga ule ndio uliokulisha ulipoambiwa kapumzike. Tafakari hilo, kisha umrudishie mkeo gazeti.

Narudi kwako, mama. Kunyamaza kwako nakuelewa, na bado nakulaumu. Ulimhurumia, sawa. Lakini huruma uliyompa ilikuwa ya kumpa mgonjwa, na yeye si mgonjwa, ni mtu mzima aliyekosa kazi. Ungemwambia siku ile, jembe likiwa bado mkononi, angehamisha mashimo, na mambo yangekwishia hapo. Kila jani lililotoka tangu siku hiyo limekuongezea mzigo. Hicho ndicho kipande cha radhi nilichokizuia. Utakipata ukishasema.

Utasema hivi. Usimsemeshe kitandani, wala usimsemeshe wakati anakula. Mwombe akusindikize bondeni asubuhi, simameni kwenye tope, na useme kwa kinywa chako kwamba hapa hapapandwi mti, kwamba ulijua, na kwamba ulinyamaza. Usilie. Ukilia atakubembeleza na mazungumzo yatakuwa ya machozi yako. Usimtaje mama mdogo, usimtaje bwana shamba, usinitaje mimi. Sema: mimi ndiye nisemaye.

Kisha hakuna kung'oa. Kuna kuhamisha. Mche wa mnazi ungali mdogo, nazi yake ingali imeshikana nao, unahamishika ukichimbwa kwa upana na kubebwa na udongo wake, na kazi hiyo mumeo anaijua kuliko sote, basi aifanye yeye, kwa mikono yake, mchana, watu wakiona. Na hao wenzako wenye hasira waambie nimesema hivi: mweria wenu usifutwe. Njooni na majembe yenu, ila mpande nayo hadi shamba la juu mkamchimbie mashimo. Mnaweza kutumia siku moja kumwaibisha mwanamume, au siku hiyo hiyo kumpa bustani. Nguvu ni zile zile. Huyo Kavenya wenu nimempenda, lakini panga aliache nyumbani.

Shemeji hana neno hapa, usimjibu. Wanaoendesha baiskeli wakipita, waache wapite.

Bwana shamba akirudi, usimtume mumeo akusemee, hata akijitolea. Kila mwanamke asimame ndani ya kipande chake, miguu ndani ya udongo wake, na ajibu mwenyewe. Bwana shamba hakukutukana, alisoma alichokiona. Basi mbadilishieni cha kuona. Na watu wa shirika waliokuja kuwapa wanawake nguvu, waulizeni mapema kabla mfereji haujachimbwa: maji haya yatagawiwa na nani? Wasipojibu ni wanawake, vigelegele mlivyopiga mkavichukue.

Na akikataa? Nasikia unaniuliza, nakusikia kutoka hapa. Akikataa, mwite mjomba wako, kwani kwenu mjomba bado ana kauli, na mama mdogo, mkae naye mara moja. Akikataa mbele yao, utaichimba mwenyewe, mchana, bila matusi, mmoja mmoja, uitie kwenye kikapu chenye udongo wa majimaji na kumpelekea mkononi. Hutaikata. Hutaitupa. Lakini hutaiacha pia. Unaweza kumpenda mtu na kutompa bonde.

La mwisho. Mbegu mliyokula si aibu, aibu ni ya nchi inayomwacha mkulima ale mbegu yake. Nina wasomaji kuanzia Mwabungo mpaka Vanga, wapo waliobakiza. Ukishamaliza haya uniandikie, na usiniandikie "naomba tusaidiwe", hilo hakuna ajuaye kulifunga kwenye gunia. Andika nini, kiasi gani, na kishushwe wapi.

Shangazi Kadzo

*

(Barua hiyo na jibu lake tulivichapa mwezi wa Februari. Hii ya pili imetufikia wiki hii, na wasomaji waliouliza habari zake wanaisubiri.)

Shangazi Kadzo,

Shikamoo tena. Safari hii sikukawia. Jina langu unaweza kulitaja, mume wangu amesema hakuna haja ya kuficha kilichokwisha kusomwa kwa sauti.

Maana alisoma kweli. Alikuwa kibarazani, mimi napepeta. Alianza kwa kucheka, "huyu naye mume wake anasoma kwa sauti kama mimi." Alipofika kwenye mluzi sauti ikapungua. Alipofika kwenye mnazi wa mama mkwe akanyamaza, akaendelea kwa macho tu mpaka mwisho, mpaka pale ulipomsema yeye. Mimi niliendelea kupepeta, na ndani ya ungo hamkuwa na kitu. Akalikunja gazeti, akanipa.

"Huyu mwanamke simjui," akasema. "Lakini huyu bwana namjua."

Jioni hiyo hakushuka na kopo.

Asubuhi nikamwomba anisindikize. Tulisimama kwenye tope nikayasema yote kwa kinywa changu, na sikulia, ingawa kichanga alilia kwa niaba yangu. Akaniuliza kwa nini sikusema siku ile. Nikamwambia, kwa sababu ulikuwa unapiga mluzi. Akasema, "Ungeniambia ningehamisha siku ile ile, na mluzi ningeendelea nao." Sijui kama ni kweli. Ila tangu hapo kila nikiwa na neno kooni nalisema, hata la chumvi.

Wenzangu walikuja na majembe. Kavenya alikuja na panga, akasema ni la kukatia kuni za uji. Wao walipanda juu kuchimba mashimo, mume wangu akabaki bondeni kuitoa miche, na kila mmoja aliubeba mikononi kama anayehamisha mtoto aliyelala. Mama mdogo alikuwa amejipanga kumnunia siku nzima, lakini alipoona anavyobeba akamwendea na uji, akamwambia, "Kunywa, mkwe, nikupe maneno yangu ukiwa umeshiba." Mume wangu alipofika kwenye ule wa mwisho akasimama.

"Huu mmoja ubaki," akaniambia. "Wa mama yako. Kwa heshima tu."

Hapo, Shangazi, ndipo palipokuwa pagumu kuliko kote. Shemeji alikuwa amesimama njiani na baiskeli yake anatazama. Nilisema polepole, lakini nilisema hapana. "Mama hakupanda mti hapa. Alipanda mpunga." Akainama, akautoa, na shimo lake akalifukia kwa mguu mpaka likawa sawa na tuta.

Bwana shamba aliporudi tulikuwa tumesimama kila mmoja ndani ya kipande chake. Kwangu alitafuta minazi kwa macho, hakuiona, akamgeukia mume wangu. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Si huyo umemkanyagia tuta?" mume wangu akasema. "Mimi nimemletea jembe tu."

Basi Kavenya alipiga kigelegele mpaka yule bwana akaruka kutoka kwenye tuta langu. Mfereji umechimbwa, umepita kwangu, na zamu za maji tunapanga sisi wenyewe, anayeanza ni aliye mbali zaidi. Mume wangu anawachimbia mashimo majirani wawili huko juu, wameona yake yalivyonyooka. Mluzi bado haujarudi wote. Unakuja vipande vipande.

Mbegu ya shirika imefika, ni ya mpunga mfupi, inafaa matuta ya juu, lakini kule chini maji yakisimama itazama. Wingu limeanza kukaa upande wa bahari, kwa hiyo naandika kama ulivyoniagiza. Tunahitaji mbegu ya madevu pishi nne, isichanganywe. Ya mpunga wa shingo ya mjakazi pishi mbili, hata ikiwa ya zamani, mama mdogo anajua kuijaribu kwa maji. Majembe matatu yasiyo na mpini, mipini tutachonga. Debe moja tupu la kupiga kufukuza mnana. Vyote hivyo vishushwe dukani kwa Chande, Msambweni, na viandikwe jina langu, Mwanarusi.

Na miche miwili ya mnazi mfupi, maana wa kichanga na wa marehemu mama haikushika kule juu. Hiyo iandikwe jina la mume wangu, Chirau.